Sura ya Saba: Picha ya Tarehe Kumi na Moja Juni

Revocatus alilishika lile faili kwa mikono miwili, kama mtu aliyeombwa aazimishe shati lake la Jumapili.

"Afande, fomu iliingia hapa tarehe kumi na moja Juni," alisema. "Muhuri wa mapokezi huu hapa. Sasa sielewi mnatafuta nini."

"Natafuta kulisoma," alijibu Inspekta Wilhelmina. "Lete."

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi. Bodi ya Leseni za Ufundi ilikuwa na vyumba vitatu ghorofa ya pili, katikati ya mji wa Mwanza, na Revocatus, ofisa leseni, alikalia kile chenye feni. Wilhelmina hakumpenda tangu alipoingia. Kutopendwa na polisi si kosa la jinai, hilo alilijua. Lakini miaka kumi na tisa ya kazi ilimfundisha kwamba mtu anayekutajia tarehe kabla hujamuuliza ameshinda nayo kichwani siku nyingi.

Faili lilikuwa la Selina, fundi wa kiwanda cha barafu kule Igombe, ufukweni. Jumatatu ya tarehe kumi Agosti gesi ya amonia ilivuja kiwandani humo ikamuua mpakiaji mmoja, Pius, baba wa watoto wawili. Vali ya usalama ilikutwa imeliwa na kutu. Tangu juzi Selina alikuwa mahabusu, na Jumatatu angefikishwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikwisha kusema, kwa sauti ya mtu mwenye mafaili mengine mezani, kwamba kesi hii haina cha kutafutwa.

Na kweli ilionekana hivyo. Kanuni mpya za leseni zilianza kutumika Julai mosi. Kila kiwanda chenye mitambo ya amonia sasa lazima kiwe na fundi wa daraja la kwanza, mwenye leseni kwa jina lake. Huyo ndiye anayekagua vali kila mwezi, na ndiye anayejibu likitokea la kutokea. Kulipata daraja hilo ni kozi ya miezi sita na mtihani juu. Ila kanuni ziliacha mlango mmoja wazi: fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi, akiomba kabla Juni haijaisha, anapewa leseni bila mtihani. Baada ya hapo mlango unafungwa, na kiwanda kisicho na fundi kinapigwa lakiri.

Selina alikuwa na miaka kumi na moja kiwandani. Kwa mujibu wa faili aliomba Juni kumi na moja, akapewa. Kisha vali hakuikagua hata mara moja.

"Kwenye kompyuta fomu hii inaonekana?" Wilhelmina aliuliza.

"Mfumo ulianza Julai, pamoja na kanuni. Juni tulipokea kwa mkono."

"Aliileta nani?"

"Mwombaji mwenyewe."

"Ulimwona kwa macho yako?"

Revocatus aligeuza feni ambayo haikuwa na shida yoyote. "Afande, hapa kwa siku wanapita watu arobaini."

"Nipe na rejista ya Juni."

Aliitoa taratibu. Jina la Selina lilikuwa mwisho wa ukurasa, chini ya mstari wa mwisho uliochapwa, pale ambapo karani mwenye nidhamu angefungua ukurasa mpya. Wilhelmina alipitisha kidole juu ya mstari huo. Alirudi kwenye fomu. Zilikuwa karatasi nne. Ya kwanza ilikuwa na picha ndogo ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kichwa kimenyolewa kikang'aa, macho yamevimba kidogo. Hapakuwa na ubishi, alikuwa Selina yuleyule. Hata mahabusu nywele zake zilikuwa fupi. Picha ilibandikwa kwa gundi, lakini pembeni ilikuwa na matundu mawili madogo ya pini ya stepla. Karatasi ya tatu ilikuwa na muhuri wa kiwanda, na ya nne sahihi ya mwombaji.

"Nachukua vyote viwili," alisema, akaanza kuandika hati ya kukamata vielelezo.

"Afande, hilo faili ni la ofisi."

"Na marehemu alikuwa wa watu. Saini hapa."

Kituoni, Koplo Antoni alimpigia saluti mlangoni. Wilhelmina aliipokea, kisha akasubiri askari mwingine apite.

"Shikamoo, mzee Antoni."

"Marahaba, afande. Umepata?"

"Nimepata mtu mwenye wasiwasi. Wasiwasi haupelekwi mahakamani. Mlete Selina."

Wilhelmina alikuwa na utaratibu wake wa kumwonyesha mtu karatasi. Aliikunja, akaacha kipande kile tu alichotaka kijibiwe, ili shahidi asipate mahali pa kupanda wala pa kushuka. Alijivunia utaratibu huo. Selina alipoketi, khanga mabegani, alichowekewa mezani kilikuwa sahihi tu, basi.

"Hii ni ya nani?"

Selina aliitazama muda mrefu. Wilhelmina alijikuta anaomba moyoni asikie hapana.

"Ya kwangu, afande."

"Una uhakika?"

"Ndivyo ninavyosaini. Lakini mimi sijaomba leseni yoyote. Leseni ya nini? Mimi natia oili, nasafisha machujio. Vali zilikuwa za fundi mkuu, Mzee Ngosha. Kastaafu Juni. Julai nikamwambia meneja mpya kwamba ile vali inatoa harufu, akasema ataita fundi."

"Meneja Venant."

"Huyo. Lakini sisemi ana ubaya, afande. Ni mtu mwema. Nilipofiwa na baba, pale ofisini ni yeye peke yake aliyenipa kiti."

"Juni kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Kazini. Sijui. Siku zote niko kazini."

"Uliwahi kusaini karatasi bila kuisoma?"

"Nani anasoma, afande? Karatasi za kiwanda wanakwambia saini hapa, unasaini."

Antoni alikohoa. Wilhelmina aliikunjua mikono yake. Mtu anakubali sahihi na kuikataa karatasi: njia hiyo waongo wengi wamepita, na njia hiyohiyo wamepita wasio na hatia. Uso wa Selina haukumsaidia kujua huyu ni wa kundi lipi, na jambo hilo lilimkera.

"Nina mtoto Kiseke, yuko kwa jirani," Selina alisema. "Ana miaka sita. Baba yake hayupo. Na babu yake ndiyo huyo tumemzika. Nikifungwa, analelewa na nani?"

Wilhelmina aliandika daftarini: mtoto, Kiseke, kwa jirani. Alimrudisha mahabusu, akachukua funguo za gari, Antoni akamfuata.

Geti la kiwanda Igombe lilikuwa na lakiri ya Bodi, karatasi nyekundu na waya. Nje, kina mama wenye ndoo za sangara walikuwa wanauliziana barafu itapatikana wapi. Ofisi zilikuwa jengo la pembeni, nazo hazikufungwa. Zain Jivraj, mwenye kiwanda, aliwapokea wima. Babu yake alianza na duka la nyavu, baba yake akajenga kiwanda, na yeye sasa alionekana kama mtu anayehesabiwa siku.

Wilhelmina alimwekea karatasi ya tatu, imekunjwa kama kawaida yake.

"Muhuri huu ni wa kiwanda chako?"

"Ni wenyewe."

"Juni kumi na moja ulikuwa kwa nani?"

Zain alipangusa uso kwa leso. "Kwangu. Kwenye droo hii. Mzee Ngosha hakuwahi kupewa muhuri, na meneja aliyetangulia aliacha kazi Aprili."

"Nani mwingine ana ufunguo wa droo?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyegonga."

"Sikugonga, mama."

"Bwana Jivraj, unajifunga kamba mwenyewe."

"Naiona. Wakili wangu kaniambia nisizungumze kabisa. Lakini nikianza kudanganya kuhusu ufunguo, nitadanganya mpaka lini? Ulikuwa kwangu mpaka Julai mosi. Siku hiyo Venant aliripoti kazini, nikamkabidhi muhuri na makabati yote."

Wilhelmina alimtazama bila huruma. Hesabu ilikuwa nyepesi mno, na ndiyo maana haikumtuliza. Kiwanda kingefungwa Julai bila fundi mwenye leseni. Mwenye kiwanda ana muhuri, fundi ana sahihi. Wawili hao wanaelewana mwezi Juni, leseni inapatikana, kazi inaendelea, na vali hakuna anayeikumbuka. Kama ni hivyo, Selina alikuwa amemdanganya machoni bila kupepesa, na Jumatatu angekwenda mahali panapomstahili.

Aliinua macho ili asiutazame tena ule uso wenye jasho. Ukutani palitundikwa picha kubwa kwenye fremu. Wafanyakazi kumi na wanne, puto, meza yenye kitambaa cheupe. Mzee mwenye suti iliyompwaya amefunua mdomo, na mwanamke anamlisha keki kwa uma, kama ilivyo desturi ya kumuaga mtu. Juu ya keki nyingine, ambayo ilikuwa haijakatwa, sukari ya rangi ya bluu iliandika: KWAHERI MZEE NGOSHA, 20 JUNI.

"Huyu anayemlisha mzee ni nani?"

"Huyo? Selina," Zain alisema, akishangaa swali. "Mzee ndiye aliyemfundisha kazi. Alikataa kulishwa na mtu mwingine."

Wilhelmina alisogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Selina wa ukutani alikuwa na rasta zinazofika mabegani.

Alirudi mezani, akaifungua ile fomu yote kwa mara ya kwanza tangu atoke mjini, akailaza karatasi ya kwanza chini ya taa. Kichwa kilichonyolewa. Tarehe kumi na moja Juni.

"Wigi, afande," Antoni alisema nyuma yake. Hakuwa anambishia, alikuwa anaifunga njia hiyo mapema kabla wakili hajaipita.

"Wigi haichakai hivi, mzee wangu. Njoo uone." Alionyesha kwa ncha ya kalamu, pale ambapo rasta zilianza juu ya paji la uso. "Hizi zina miezi miwili hazijafumuliwa. Nywele zake mwenyewe zimeota chini, mistari imepotea. Mwanamke yeyote akiona hapa anajua huyu anahitaji kwenda saluni. Kichwa kilichonyolewa tarehe kumi na moja hakiwezi kuota hivi tarehe ishirini."

"Alinyoa lini?" Antoni akauliza.

Zain ndiye aliyejibu. Alikuwa ameinama juu ya fomu, na jasho lake lilikuwa limekauka.

"Baada ya msiba. Baba yake alifariki Juni ishirini na mbili, tukamzika Bujora tarehe ishirini na nne. Mimi nilikwenda na gari la kiwanda. Siku ya kaburi alikuwa na nywele zake. Wakanyoa ndugu wote kwa pamoja siku ya kuondoa matanga, tarehe ishirini na sita. Aliporudi kazini sikumtambua getini, nilimpita." Aligusa ukingo wa picha. "Nani kabandika hii? Miaka kumi na moja namwona na kofia haimkai kichwani kwa ajili ya rasta. Nisingeweza kubandika hii nikaandika Juni kumi na moja. Ningejicheka."

Hapo ndipo Wilhelmina alipopatwa na hasira, na sehemu kubwa ilikuwa ya kwake mwenyewe. Asubuhi ile angemwonyesha Selina fomu nzima, badala ya kuikunja kwa ujuzi wake wote, mwanamke yule angeliona kosa kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Jivraj alikuwa amesema kweli. Aliyeitengeneza fomu hii aliitengeneza baada ya matanga. Na hakuwa mtu wa kiwandani wa siku nyingi, kwa sababu wote hao walikuwa wanamjua Selina mwenye nywele. Alikuwa mtu aliyeingia Selina akiwa tayari kipara, akadhani alizaliwa hivyo. Na alikuwa na muhuri.

Alipiga simu kituoni, akaagiza askari wa zamu amuulize Selina swali moja: baada ya msiba, picha ndogo alimpa nani? Walisubiri dakika nne. Zain hakukaa. Jibu lilikuja likiwa fupi. Alipiga picha mara moja tu, studio ya Buhongwa, Julai mbili, akitokea Bujora, kwa ajili ya fomu ya rambirambi ya kiwanda. Fomu ilitaka picha mbili. Alimpa meneja.

Ofisi ya Venant ilikuwa mlango wa tatu kwenye ujia huohuo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, shati limenyooka, meza haina vumbi. Aliwavutia viti yeye mwenyewe, na Wilhelmina akakumbuka kiti alichopewa Selina.

"Afande, karibuni. Nimesikitika sana na haya mambo. Dada yule ni mchapakazi."

"Leseni yake uliijua?"

"Niliikuta. Mambo ya Juni siyajui, mimi nimeripoti Julai mosi. Nilichoambiwa ni kwamba fundi mwenye leseni yupo, nikashukuru Mungu."

"Nani alikwambia?"

"Ilikuwa inajulikana tu."

"Selina alikwambia vali inatoa harufu?"

"Hapana. Angeniambia ningechukua hatua."

Alijibu kila swali kwa utulivu, na kila jibu lilisogeza lawama hatua moja kwenda Juni, mahali ambapo yeye hakuwepo. Wilhelmina alimwacha aisogeze mpaka ikafika mwisho.

"Naomba faili la rambirambi."

Kwa mara ya kwanza Venant alichelewa. "La rambirambi?"

"La Selina. Alifiwa."

Alilitoa kabatini. Antoni alilipokea kabla halijagusa meza. Fomu ilikuwa imejazwa vizuri: jina la marehemu, uhusiano, baba mzazi. Chini, kwenye nafasi ya maoni ya meneja, mwandiko safi ulisema: *Pole sana dada. Imeidhinishwa. 4 Julai.* Picha moja ya kipara ilikuwa imebanwa kwa pini upande wa kulia. Kushoto kwake palikuwa na matundu mawili matupu. Wilhelmina aliiweka fomu ya leseni juu yake, matundu ya picha juu ya matundu ya karatasi. Yalikaa sawasawa.

"Pini huwa zinatoka," Venant alisema.

"Huwa zinatoka. Siku hiyo ulimpa karatasi ngapi asaini?"

"Sikumbuki. Alikuwa analia. Nilimsaidia kujaza."

"Ulimsaidia sana. Mzee Antoni, ile picha."

Antoni alikuwa ameibeba fremu kwapani kutoka chumba cha Jivraj. Aliiweka wima juu ya meza isiyo na vumbi, ikamtazama meneja. Kidole gumba chake kinene kilifunika maandishi ya keki.

"Hawa ni wafanyakazi wako," Wilhelmina alisema. "Wote kumi na wanne, pamoja na Mzee Ngosha ambaye hukumkuta. Nionyeshe Selina."

Venant aliinama. Alianza kushoto, safu ya nyuma. Wanaume wa upakiaji, mlinzi, dada wa mapokezi. Akaja safu ya mbele. Macho yake yalimpita mwanamke mwenye uma wa keki mkononi, yakaenda mpaka mwisho, yakarudi. Alichukua muda wake, kwa sababu hakujua anaulizwa nini, na mtu asiyejua anaulizwa nini hujibu kweli.

"Hayumo," alisema. "Siku hiyo hakuwepo."

Kutoka getini zilisikika sauti za kina mama wa sangara. Wilhelmina aliweka kidole kwenye kioo, juu ya rasta.

"Ni huyu anayemlisha mzee keki. Mzee, ondoa kidole asome tarehe."

Venant alisoma. Aliutazama uso ule, akaitazama picha ndogo kwenye fomu, akautazama tena ule uso.

"Kiwanda kingefungwa," alisema mwishoni. "Siku yangu ya kwanza, afande. Watu hamsini wanakula hapa, sisi na familia zetu. Revocatus alisema ni karatasi tu, kila mtu anafanya, tarehe tunairudisha nyuma, hakuna anayeumia."

"Pius aliumia," alisema Antoni, ambaye kwa kawaida hakuzungumza kwenye mahojiano. Alitoa pingu.

Saa kumi alasiri, mkuu wa upelelezi alisaini bila kuuliza mengi. Revocatus alikuwa ameletwa, na alikuwa anazungumza zaidi ya alivyoulizwa. Faili la Jumatatu lingekwenda mahakamani na majina mawili tofauti.

Wilhelmina mwenyewe ndiye aliyemfungulia Selina. Safari hii alimwekea mezani karatasi zote, zimekunjuliwa: fomu ya leseni yenye kurasa nne, na fomu ya rambirambi. Alimweleza taratibu, kitu kimoja baada ya kingine, ile karatasi ya nne iliingizwaje katikati ya zile nyingine siku ya Julai nne, na picha ilitolewa wapi. Selina alisikiliza huku ameshika kichwa chake, pale ambapo nywele zilikuwa zinaota.

"Kwa hiyo naenda kumchukua mwanangu," alisema.

"Unakwenda. Gari liko nje."

Hakuinuka. Alikuwa anasoma yale maneno ya meneja chini ya fomu, midomo yake ikitembea.

"Hapa ndipo aliponipa leso nijifute," alisema. "Akanishika bega. Akaniambia saini, dada, pole, saini na hapa." Aliisukuma karatasi mbali kwa kidole kimoja. "Jumapili ile nilitaja jina lake kanisani, afande. Nilimwombea yeye kabla sijamwombea baba."